Glasi Mbili za Bwana Rweyongeza

Nyamizi, mkemia wa kiwanda cha maji ya chupa, alikuwa akilipwa pungufu ya mbandika lebo. Alipodai nyongeza, tajiri wake, Bwana Rweyongeza, alicheka. "Mwenzako kazi yake tunaiona. Wewe unachungulia maji tu!"

Siku wateja wakubwa walipokuja, Nyamizi akaweka glasi mbili mbele ya tajiri. "Karibu uwaonjee wageni, bosi. Moja nimeipima."

Tajiri alinusa hii, akanusa ile, jasho likamtiririka. Wateja walimkodolea macho. "Ipi uliyopima?" alinong'ona.

"Mimi mchunguliaji tu, bosi. Hilo muulize mkemia."

Tajiri akachomoa kalamu, akaandika kwenye karatasi mshahara maradufu wa Nyamizi, akatia sahihi. "Haya, mkemia, ipi?"

Nyamizi akaikunja karatasi. "Kunywa yoyote, bosi. Moja niliipima jana, ya pili nimeipima leo."