Ngiri Aliyekwenda Kufundishwa Kulewa

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni sauti ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kabla ya kioo kuletwa porini, Ngiri alikuwa akijiona mzuri. Alikuwa na mwana mmoja, Tifu. Sasa, ngiri huingia shimoni kinyumenyume: mkia kwanza, meno mlangoni. Tifu hakuweza. Kila siku alitanguliza pua, matako yakabaki nje, yakimkaribisha Simba.

"Ingia, wewe!" Ngiri akafoka.

Pua, chubwi! Matako nje.

"Ujinga huu umerithi kwa mama yako!"

"Mama anasema nimerithi kwako, Baba."

Na mama hasemi uongo.

Siku hiyo Kanga akapita na mbiu, kekekeke! "Wazazi wote! Baraza la pori linawaita! Kesho asubuhi, uwanjani, mfundishwe kulea! Bure!"

Ngiri, masikio tope tupu, akasikia "kulewa".

"Bure? Tena kufundishwa? Hilo mwalimu wake ni mimi!"

Akafika wa kwanza, kibuyu cha pombe shingoni.

"Cha nini hicho, shemeji?" Kanga akauliza.

"Nimekuja na changu. Sipendi kuwa mzigo."

"Kulea, bwana! Ku-le-a!"

Uwanja mzima, kwa kwa kwa! Ngiri naye akacheka mpaka machozi. "Jamani, kulewa najua. Kulea ndiko sijui. Nifundisheni. Mwanangu hajui kuingia shimoni kinyumenyume."

Kicheko kikakatika. Wengi hawakujua, ila aliyethubutu kusema ni huyo mwenye kibuyu.

"Umewahi kuingia shimoni naye?" Kanga akauliza.

"Mimi namfokea tu. Kwa bidii."

"Ufanye mchezo. Ingia, akuone. Akikosea, rudieni. Akipata kidogo, msifu."

Muhanga, fundi wa kuchimba, akawachimbia wazazi vishimo vya mazoezi, viwili viwili, cha mkubwa na cha mdogo. Siku saba, baba na mwana: mkia, tifu! Mkia, tifu!

Siku ya nane, nje ya shimo lao, Simba huyo! Tifu akageuka, mkia, tifu! Salama. Na Ngiri? Kwa woga akatanguliza pua.

"Baba, geuka!"

Wapi! Simba, kachu! Tifu akamvuta kwa meno mpaka ndani, lakini nusu ya mkia ikaondoka na Simba.

Ngiri akajitazama nyuma, akamtazama mwanawe.

"Mkia wangu nusu. Wako mzima. Nimefaulu!"

Mzazi hazaliwi akijua kulea. Usimcheke tu, mfundishe, mwanawe apone.

Hadithi yangu nayo imeingia shimoni, mkia kwanza. Imeishia hapo.