Rangi ya Chai

Sogezeni viti, na mwenye simu inayolialia aizime, maana hadithi hii ikikatwa katikati haiungiki. Wapo wengine wanaoisimulia, lakini wanaichapia tu; wanaisahau chai. Na hadithi hii bila chai ni sufuria tupu.

Huko juu Upare, kwenye miteremko wanakolima tangawizi, alikuwako Mzee Mntambo na watoto wake watatu, kila mmoja kazaliwa na lake. Nakijwa, wa kwanza, alikuwa na mkono wa kulea: ukimkabidhi kifaranga kinachokata roho, kesho yake kinamdonoa. Elinihaki, wa pili, alikuwa na kichwa. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Arusha, sasa ana duka la pembejeo kule Same, na ukimuuliza jambo moja anakujibu matatu. Namsifu, kitindamimba, hakuwa na mkono wala kichwa cha kutangaziwa watu. Yeye alikuwa na makalio. Msicheke! Maana yake alijua kukaa. Wenzake walipoondoka nyumbani, alibaki. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi, akabaki tena. Mama yao alipougua, ni yeye aliyekaa pembeni mwa kitanda mpaka mwisho.

Sasa, mlangoni kwa mzee palikuwa na mparachichi, na pale matawi yanapogawanyika lilikaa ua ambalo wataalamu huliita okidi. Halina udongo. Mizizi yake imekumbatia gome la mti kama vidole na inakunywa ukungu. Marehemu mama ndiye aliyeliokota msituni, akalifunga pale kwa kamba ya mgomba, akaliita Mpangaji, kwa sababu mti ndio mwenye nyumba, nalo lilikaa humo bila kumlia chakula chake. Kila mwaka masika ikikaribia lilitoa maua meupe yenye mikia mirefu, na jioni harufu yake iliingia mpaka jikoni.

Siku zake za mwisho, mama alimwambia mumewe, "Mpangaji akichanua, ujue nimekuja kukuaga."

Akafa. Na Mpangaji naye akagoma. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, ni majani tu.

Hilo lisingekuwa neno, kama si ufa.

Ufa ulianzia mlimani juu ya nyumba wakati wa vuli, ukashuka hadi ukutani chumbani kwa mzee. Namsifu aliupima kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Kwanza uliingia ukucha. Kisha kidole. Halafu kiganja kizima kikaingia ubavuubavu, na huko ndani akasikia upepo wa nje ukimpuliza vidoleni. Mwenyekiti wa kijiji akaja na mtu wa kata, wakautazama mlima, wakatazamana wao kwa wao. Masika ikianza, wakasema, nyumba hii isiwe na mtu.

"Nimewasikia," mzee akajibu. "Ila mke wangu hajaniaga. Akija akakuta nimehama, atamuuliza nani?"

"Baba, marehemu wanajua njia zote," Namsifu akasema.

"Huyu? Sokoni tu alikuwa anapotea."

Wakambembeleza, wakanuna, wakaleta mchungaji. Mzee akamkaribisha mchungaji makande, wakala wakashiba, mchungaji akaondoka peke yake.

"Lakini si mtu mbaya mimi," mzee akawaambia wanawe. "Mfanyeni Mpangaji achanue. Siku hiyohiyo natoka. Na atakayemfanya achanue, huyo ndiye nitakayekwenda kukaa kwake, na ua langu mkononi."

Elinihaki akapiga makofi. "Basi tuache kubishana na baba, tubishane na ua. Lina njaa hilo. Lipewe maji ya nyungunyungu!"

Dada zake wakamtazama kama kapandwa na wazimu. Akawaeleza: unawafuga nyungunyungu kwenye ndoo iliyotobolewa kitako, unawalisha maganda na majani, na kile kimaji cheusi kinachochuruzika chini ndicho mbolea. Hiyo ndiyo dawa ya ua lisilo na udongo.

Kazi ya kufuga ikamwangukia Nakijwa. Akawachimbua nyungunyungu kwenye migomba yake, akawaweka stoo, akawakatia maganda ya ndizi vipandevipande kama anamlisha mtoto anayeota meno. Mumewe alipomwaga humo makande yaliyobaki, yenye chumvi, nusu ya mifugo ikafa, na Nakijwa akamnunia mume wake kuliko siku aliyouza mbuzi bila kumwambia. Akachimbua wengine. Akaanza upya. Hatimaye kimaji kikachuruzika, cheusi, hakina harufu mbaya, kinanuka udongo uliotoka kunyeshewa.

Maarifa yakawa ya Elinihaki, na yalitoka Same kwa simu. "Sikiliza, Namsifu. Usilimwagie hivyohivyo, utaliua. Changanya na maji mpaka iwe rangi ya chai. Umesikia? Rangi ya chai. Mwagia mizizi asubuhi, taratibu, kila juma."

"Rangi ya chai. Nimeelewa, kaka."

Na kupanda mparachichini kukawa kwa Namsifu. Alipanda na kopo, akamwagia mzizi mmojammoja, huku mzee akiwa chini anamsimamia kama fundi mkuu: "Huo wa kushoto umeuruka!" Akishuka, anarudi ndani kuupima ufa.

Ufa ulikua. Ua halikukua. Majani yakaanza kuwa manjano, ncha zikakauka kama zimebabuliwa, na mizizi iliyokuwa na rangi ya fedha ikageuka kahawia, ukiibonyeza inabonyea. Namsifu akaona labda mbolea ni ndogo, akazidisha.

Jumamosi moja Elinihaki akapanda kutoka Same, akampitia Nakijwa, wakaja kuona. Elinihaki akalitazama ua, akashika kiuno.

"Umechanganya vipi?"

"Kama ulivyosema. Rangi ya chai."

"Chai gani?"

"Kaka, chai! Chai ziko ngapi?"

Namsifu akaingia jikoni, akamletea kikombe cha baba. Ninyi mnaijua chai ya kule? Majani yanachemka na tangawizi mpaka maji yanasahau kuwa yalikuwa maji. Ukitumbukiza kijiko, hukioni tena.

"Hii si chai!" Elinihaki akapiga kelele. "Hii ni lami! Chai ni ile ya nyumbani kwangu, unaona mpaka kitako cha kikombe!"

"Ile ya wifi?" Nakijwa akadakia. "Ile ni maji yaliyopita karibu na majani."

Wakacheka, hata mzee. Kisha kicheko kikakatika, maana wote waliinua macho juu ya mti kwa pamoja.

Namsifu hakulala vizuri juma hilo. Kila alipofumba macho aliiona mizizi. Miaka yote amekaa na watu wake, na sasa yeye aliyekaa ndiye aliyemuunguza mgeni wa mama, na kwa kumuunguza amemfungia baba ndani ya nyumba inayopasuka. Akapanda na wembe, akakata mizizi iliyooza, akaiosha iliyobaki kwa maji matupu. Halafu akaogopa. Hakulimwagia kitu tena, si mbolea, si maji. Kiangazi kikalipiga ua mpaka majani yakasinyaa kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Ni Nakijwa aliyemkaripia. "Sasa unalinyima kabisa? Nyungunyungu wangu wanafanya kazi kule stoo, wewe umekaa!" Akamletea chupa mpya. Elinihaki naye akapiga simu: "Rangi ya chai ya wifi yako, tafadhali." Namsifu akachanganya, akiongeza maji kidogokidogo, mpaka akaona kitako cha kopo.

Na siku moja, katikati ya majani yaliyosinyaa, kikachomoza kijiti kidogo cha kijani. Kikarefuka. Kikavimba vifundo.

Mawingu ya masika yalikuwa yameshaegemea mlima wakati Mpangaji alipofungua maua yake, meupe, mikia ikining'inia. Ilikuwa jioni. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, akanyanyua pua. Akainuka bila mkongojo, akaenda kusimama chini ya mti.

"Haya, mama Nakijwa," akasema. "Umekawia, lakini umefika."

Wanawe, waliokuja kukiona kijiti, wakarudi ndani kuwaacha wawili hao. Mzee aliporudi alisema neno moja tu: "Fungasheni."

Wakalibandua ua pamoja na gome lake, mzee akalipakata, wakateremka kwa Nakijwa chini ya manyunyu. Mvua kubwa ikaanza. Mlima ukanguruma, ukateremka, ukachukua chumba cha mzee, jiko, na mparachichi wenyewe.

Hapo wasimulizi wenzangu huishia, watu wakapiga makofi, wakaenda kulala. Waongo! Hapo ndipo shida inapoanza.

Mzee kakaa barazani kwa Nakijwa, ua mapajani. "Sasa nampa nani ahadi yake?"

"Baba, bila nyungunyungu pasingekuwa na cha kumwaga," Nakijwa akasema. "Nimewalea, wamekufa, nimewalea tena. Chumba chako kiko tayari."

"Bila mimi hata jina la mbolea msingelijua," akasema Elinihaki. "Dada angekuwa bado anawakata nyungunyungu kwa jembe. Na rangi sahihi niliitoa mimi."

"Na ya lami uliitoa wewe pia, kwa maelezo yako ya nusunusu!" Nakijwa akamkata kauli.

Mzee akageuka. "Na wewe, Namsifu?"

Namsifu alikuwa na chumba kimoja cha bati karibu na zahanati, alichokipanga siku ufa ulipofika kidole, akatandika humo vitanda viwili. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa na mtu.

"Mimi ndiye niliyeliunguza, baba," akasema. "Nitadai nini?"

Hapo Elinihaki akakuna kichwa. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Baba, kuna jambo. Kule Arusha, ua likigoma kuchanua, tulikuwa tunalinyima maji kusudi. Likidhani linakufa, linaharakisha kutoa maua. Huenda... huenda ni kule kuunguzwa na kunyimwa ndiko kulikoliamsha."

"Ati nini?" Nakijwa akasimama. "Mimi nilishe, yeye achome, na tuzo apewe aliyechoma? Lingeinuka na nini, kama si chupa yangu?"

"Sikusema apewe. Nimesema huenda."

Mzee akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Maua yakatetemeka mapajani pake. "Nitasema nikishakunywa chai," akasema.

Namsifu akaingia jikoni, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi. Maji yanachemka. Kashika kopo la majani ya chai, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hajui atie kiasi gani. Nje, wote wanasikiliza kijiko chake.

Na ninyi mliokaa hapa mkijifanya mna akili, jibuni kabla maji hayajakauka: aliyeilea mbolea, aliyeijua, na aliyeikosea akakaa nayo mpaka mwisho, mzee aende kukaa na nani? Wewe uliye mlangoni, usitoroke. Ungekuwa wewe umelipakata hilo ua, ungemkabidhi nani?