Herufi za Mwalimu Nanzia

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshapanda milima ya Upare hadi Usangi, alikuwako mwalimu mstaafu aitwaye Nanzia. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Alipostaafu hakuweza kukaa bure, akaanza kuandika igizo la redio. Kila Ijumaa jioni redio ya jamii ililirusha, na kila Ijumaa jioni watu waliacha sufuria jikoni wakasogea kusikiliza.

Ndani ya igizo hilo alikuwamo mwanamke mmoja. Alifika kijijini na mvua ya kwanza, jembe begani, asiseme ametoka wapi. Alichimba mfereji uliowashinda wanaume. Aliwazalisha wajawazito. Alipatanisha waliogombea mpaka. Na jina lake? Halikujulikana. Wiki arobaini wasikilizaji walimwita Yule Mgeni, na wiki arobaini walimsimamisha Mwalimu Nanzia njiani.

"Mwalimu, kwani yule mama anaitwa nani?"

"Subirini," alijibu akicheka.

Sasa kusubiri kulikuwa kumefika mwisho. Ilibaki sehemu moja tu, ya Ijumaa. Katika mstari wa mwisho mtoto angemwuliza Mgeni, "Unaitwa nani?" Naye angejibu kwa neno moja, igizo likaishia hapo hapo. Neno lenyewe Mwalimu Nanzia alikuwa hajalipata.

Na sasa sikilizeni habari ya macho yake. Yalikuwa yanamwacha kidogo kidogo. Mwanga wa dirisha ukimpiga, aliona ukungu mtupu. Taa ya mezani ilimchoma hadi machozi. Kwa hiyo chumba chake cha kuandikia kilikuwa na mapazia mazito, mchana kutwa. Lakini kompyuta yake mpakato ilikuwa na taa chini ya kibodi, na kila herufi iling'aa peke yake katika weusi. Hizo aliziona. A aliiona, M aliiona, nukta aliiona. Daktari alimwambia huenda akaziona mwaka mmoja zaidi, huenda miwili. Aliposhauriwa amsimulie mtu amwandikie, alikataa. "Nikiacha kuandika kwa vidole vyangu," alisema, "nitakuwa nimekubali."

Jumatatu, saa nne asubuhi, kompyuta ikiwa mapajani, nguzo ilianguka kule bondeni na umeme ukakatika. Herufi zikazimika. Kioo kilibaki kinawaka, maana betri ilikuwa na chaji, ila kibodi ilikuwa nyeusi tii. Mwalimu Nanzia alishtuka, akainuka, kompyuta ikateleza ikaanguka sakafuni. Akaiokota. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kwa viganja vyote viwili kama mtu anayekanda unga. Kibodi nyeusi tii.

Kwanza alidhani taa imelala, maana ilikuwa na tabia ya kulala isipoguswa. Akaigusa. Nyeusi. Akadhani chumba kina mwanga mwingi, akabana mapazia. Nyeusi. Akaizima mashine, akahesabu hadi mia, akaiwasha. Nyeusi tii.

Akakaa kitandani, mikono mapajani. Ndipo alipotoa ahadi, akaipeleka sokoni kwa kinywa cha kila aliyepita mlangoni: "Atakayeniwashia herufi zangu, Yule Mgeni ataitwa jina analotaka yeye."

Jumanne alikuja Fundi Mkwizu, mtengenezaji wa simu na redio pale sokoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mkwizu. Karibu. Umekuja na bisibisi zako?"

"Bila hizo mimi ni nani?"

Akaifungua mashine mezani, skrubu moja moja, akizipanga kwenye kisahani cha chai. Akainua kibodi taratibu. Chini yake akakuta utepe mwembamba wa waya, ule unaopeleka umeme kwenye taa. Ulikuwa umechomoka.

"Nimekupata!" alisema. Alipuliza vumbi, akaufuta utepe, akaurudisha mahali pake kwa kibano, akakaza kishikizo. Kazi ya saa nzima, pumzi ameishika. Akafunga skrubu zote, akawasha.

Kibodi nyeusi tii.

Fundi Mkwizu akajifuta jasho. "Basi taa yenyewe imeungua, Mwalimu. Hii haiponi. Itupe tu, usihangaike zaidi." Akakusanya bisibisi zake, akaondoka bila kunywa chai.

Jumatano alikuja Eliwaza, karani wa shule ya sekondari, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, sijui kufungua mashine," alisema, "lakini najua kusoma."

Akatafuta kwenye simu yake kitabu cha maelekezo ya kompyuta ile. Kurasa mia moja na kumi na mbili, zote kwa Kiingereza kigumu. Akasoma tangu saa tatu hadi saa tisa. Siku hiyo kwaya yake ilikuwa inarekodi wimbo aliopewa aongoze. Walimpigia simu mara nne, mara ya tano wakarekodi bila yeye. Katika ukurasa wa tisini na moja akakuta mistari miwili. Akaizima mashine, akaiwasha huku amebana kitufe, akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile ambayo wengi hawaioni. Humo palikuwa na amri ya kuokoa chaji: mashine ikiwa kwenye betri, taa ya kibodi isiwake. Akaiondoa. Akahifadhi. Akawasha.

Kibodi nyeusi tii.

Eliwaza akalia. "Nilidhani nimepata."

"Hata mimi nilidhani umepata," alisema Mwalimu Nanzia, akamshika bega. Moyoni alianza kuzoea wazo la kusimulia ili mtu mwingine aandike, na wazo hilo lilimkaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine.

Alhamisi alikuja Mama Kiondo, mshonaji. Hakuja kwa ajili ya kompyuta. Alileta gauni lililopunguzwa kiunoni. Alipokuwa anasubiri lijaribiwe, akainama juu ya meza, akaisogelea kibodi kwa mwanga wa kioo na macho yake ya kutunga uzi.

"Mwalimu, hiki kijua kidogo ni cha nini?"

"Kijua kipi?"

"Hapa, kwenye kitufe hiki kirefu kuliko vyote. Kimechorwa kitu kama jua lenye miale. Kidogo kama punje ya mtama."

"Sijawahi kukiona."

"Kimechorwa kwa rangi ya chungwa. Vitufe vyote vina maandishi meupe." Akavipitia kimoja kimoja. "Na hiki cha pembeni huku chini, nacho kina maandishi ya chungwa. Rangi ile ile hasa. Mtu hawezi kubadilisha uzi mahali pawili bila sababu."

Akaweka kidole kimoja kwenye kitufe cha pembeni, kingine kwenye kirefu, akabonyeza vyote pamoja.

Herufi zikawaka.

Mwalimu Nanzia, gauni likiwa limevaliwa nusu, alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio. A aliiona. M aliiona. Nukta aliiona. Akamkumbatia Mama Kiondo, pini zikawachoma wote wawili.

Habari ilifika sokoni kabla ya Mama Kiondo kufika. Na Ijumaa mchana, Mwalimu Nanzia akiwa na mstari mmoja tu uliobaki, watu watatu walisimama barazani kwake.

"Ahadi ni ya aliyewasha," alisema Mama Kiondo. "Nimewasha mimi."

"Umebonyeza," alisema Fundi Mkwizu. "Bila waya wangu ungebonyeza hadi kucha zing'oke."

"Na bila ukurasa wangu wa tisini na moja," alisema Eliwaza, "waya wako ungekuwa utepe wa kufungia zawadi."

"Wewe mwenyewe uliondoka unalia! Haikuwaka!"

"Na wewe ulisema taa imeungua! Nani ajuaye kama huo waya ulikuwa umechomoka kweli?"

Mwalimu Nanzia aliwasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande. Alitaka kujua. Kuamua kungekuja baadaye. Kwanza alitaka kujua. "Ingieni," alisema. "Umeme bado haujarudi, tuko kwenye betri kama siku zote, hii anayonichajia jirani usiku kwa sola yake. Turudishe kosa moja moja, tuone."

Mama Kiondo akabonyeza vitufe vyake viwili mpaka herufi zikazimika. Waya uko sawa, mipangilio iko sawa, lakini giza. Akabonyeza tena, zikawaka.

Eliwaza akairudisha ile amri ya kuokoa chaji. Waya uko sawa, vitufe viko sawa, lakini giza. Akaiondoa, zikawaka.

Fundi Mkwizu akazima mashine, akaifungua, akauchomoa utepe, akaiwasha. Mipangilio iko sawa, vitufe viko sawa, lakini giza. Akaizima, akaurudisha, akaiwasha. Zikawaka.

Wote wanne wakazitazama herufi.

"Kumbe yalikuwa makosa matatu," alisema Mwalimu Nanzia polepole. "Na kila moja peke yake lilitosha kunitia gizani. Lakini yaliingiaje yote kwa pamoja?"

Eliwaza akatazama chini. "Mwalimu, nina neno. Ile amri ya kuokoa chaji niliiweka mimi, Jumapili baada ya ibada. Uliniomba betri ikae muda mrefu. Nilichagua tu 'okoa chaji' kwenye kioo, sikujua kwamba huko ndani inazima na taa. Nimejua juzi niliposoma. Umeme ulipokatika Jumatatu, ndiyo iliyozima herufi zako."

"Nami nikashtuka nikaidondosha," alisema Mwalimu Nanzia. "Hapo ndipo waya ulipochomoka. Kisha nikaikanda kwa viganja. Bila shaka nilivibonyeza hivyo vitufe viwili mimi mwenyewe."

Akacheka kidogo, kisha akawa na haya. Kosa moja la Eliwaza, mawili yake.

"Basi mimi sikuharibu kitu," alisema Fundi Mkwizu.

"Ulitaka itupwe," alisema Mama Kiondo. "Angekusikiliza, leo ingekuwa jalalani."

Fundi akaokota bisibisi yake mezani.

"Haya, niambieni majina," alisema Mwalimu Nanzia. "Kila mtu alitaka Mgeni aitwe nani?"

Fundi Mkwizu akazungusha bisibisi mkononi. "Namsemba. Binti yangu. Yuko Mwanga mjini, mwaka wa tatu huu hatusemezani. Nilimwambia maneno mabaya siku ya harusi yake, mbele ya watu. Nasikia kila Ijumaa anasikiliza igizo hili. Akisikia jina lake, atajua limetoka kwangu. Mimi kwenda mlangoni kwake siwezi."

"Mimi nataka Eliwaza," alisema Eliwaza. "Jina langu. Sina hadithi ndefu, Mwalimu. Wimbo wangu wameurekodi bila mimi. Nataka nami nisikike mara moja."

Mama Kiondo akanyoosha pindo la kanga yake. "Nakiete," alisema mwishowe.

"Nakiete ni nani?"

"Ni mimi. Tangu nimzae Kiondo hakuna aliyeniita hivyo, na aliyeniita mara ya mwisho ni mama yangu, naye tumemzika. Mmeishi nami jirani miaka ishirini, nyote watatu, na hakuna aliyelijua."

Ni kweli, hakuna aliyelijua. Hata Mwalimu Nanzia, aliyevaa magauni ya mkono wake miaka yote hiyo.

"Si umpe Mgeni majina yote matatu?" alisema Eliwaza.

"Mtoto anamwuliza jina, anajibu neno moja, igizo linakwisha," alisema Mwalimu Nanzia. "Akitaja matatu atakuwa anasoma orodha ya darasa. Na ahadi yangu ilikuwa ya jina moja. Haikuwa ya mwenye shida kubwa, wala ya aliyeteseka sana, wala ya asiye na kosa. Nilisema atakayeniwashia herufi zangu. Basi."

Akawaomba wamwache. Wakatoka, wakakaa barazani bila kutazamana. Redio ilikuwa inaisubiri kazi yake saa kumi, na sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

Ndani, nyuma ya mapazia mazito, herufi ziling'aa. Aliwaza juu ya yule aliyerudisha waya, kazi ngumu kuliko zote, kisha akakata tamaa na kutaka mashine itupwe. Aliwaza juu ya yule aliyesoma kurasa tisini na moja akakosa wimbo wake, ili kuondoa amri aliyoiweka mwenyewe. Aliwaza juu ya yule aliyetumia dakika tatu na macho yake tu, akiwa amekuja kwa ajili ya gauni, akaona kitu ambacho wote waliokaa na mashine ile hawakukiona. Akaandika: *Mtoto: Mama, unaitwa nani?* Akashuka mstari. Akaandika: *Mgeni: Naitwa.* Akafuta nukta. Vidole vikabaki juu ya kibodi.

Barazani wako watatu, na saa kumi haimngoji mtu. Enyi mliokaa hapa mkanisikiliza, msiniangalie mimi, semezaneni wenyewe: herufi za Mwalimu Nanzia ziliwashwa na watu watatu, na jina ni moja. Mgeni aitwe Namsemba, aitwe Eliwaza, au aitwe Nakiete? Je, nani alistahili?