Ujia wa Umande

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa njia.

— Ya nani?

Ya mwenye saa yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na barabara moja ya kwendea mtoni. Wakubwa walipita, wadogo wakakanyagwa. Likaitishwa baraza. Kandokando ya barabara ukachorwa mstari wa majivu, ukapatikana ujia mwembamba. Wakakubaliana hivi: asubuhi, maadamu umande upo kwenye nyasi, ujia ni wa wadogo. Umande ukikauka, ujia ni wa wakubwa.

Bi Nungunungu alikuwa na watoto wawili. Kila asubuhi aliwapeleka mtoni kunywa maji, wakiimba:

*Umande upo, ujia ni wetu,*
*umande umekauka, ujia ni wenu.*

Siku moja wakamkuta Kiboko amelala ujiani, tumbo huku, miguu kule.

"Bwana Kiboko, umande haujakauka."

"Napumzika tu, mama. Dakika mbili. Zungukeni."

Wakazunguka, wakaingia barabarani. Mara Nyati hao, vumbi na vishindo! Bi Nungunungu akawavuta wanawe. Mdogo akachubuka mguu.

Siku ya pili, Kiboko alikuja nyuma yao akipuliza pua. Poo! Poo!

"Sogeeni! Barabara imejaa Tembo, nami nina haraka!"

"Bwana Kiboko, umande haujakauka."

"Kwangu umekauka. Gusa mgongo wangu!"

Akawasukuma, wakaangukia mtaroni, wote watatu. Yule mdogo akalia: "Mama, kesho mimi siendi. Bora kiu."

Maneno yale yakamchoma Bi Nungunungu kuliko mwiba.

"Kesho tutakwenda," akasema. "Na tutapita palepale."

Siku ya tatu, Poo! Poo! Bi Nungunungu hakusogea. Akawatanguliza watoto, akamgeuzia Kiboko mgongo. Miiba ikasimama: cha! cha! cha!

"Nitakukanyaga, we mama!"

"Nikanyage."

"Huoni ukubwa wangu?"

"Ukubwa wako nimeuona. Wewe umande umeuona?"

Kiboko akapiga hatua. Moja tu. Weee! Miiba mitatu ndani ya wayo! Alilia mpaka ndege wakaruka ng'ambo ya mto.

Kicheche akaja, Kanga akaja, Panya akaja. Wakasimama ujiani, bega kwa bega, wakaimba:

*Umande upo, ujia ni wetu!*

Kiboko akarudi barabarani, akajipanga nyuma ya Tembo, akichechemea polepole.

Jua likapanda. Bi Nungunungu na wanawe walikunywa wakashiba, wakaanza kurudi. Njiani wakakutana na Kiboko, bado anachechemea. Alipoiona miiba, akasimama kwenye mstari wa majivu, akaogopa kuuvuka.

Bi Nungunungu akawatoa watoto ujiani.

"Pita, bwana."

"Nipite? Unanitega?"

"Gusa nyasi."

Kiboko akainama, akagusa nyasi. Zilikuwa kavu.

Akauvuka mstari, akapita. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, Kiboko alionekana kando ya mstari, pua chini, akigusa nyasi kwanza.

Basi, wasikilizaji wangu, mdogo asione haya kuidai saa yake, hata anayemfukuza awe mlima. Na mkubwa aitazame saa kabla hajavuka mstari. Nanyi wenye magari, njia ya baiskeli ina saa zake: zisomeni kibaoni, kisha mpite kwa zamu yenu.

Hadithi yangu imefika mtoni.

— Nasi tumekunywa!