Mipiko Juu, Wavu Chini

Ndugu zangu, kulikuwa na kijiji kimoja mlimani, mahali ambapo gari halifiki. Barabara iliishia bondeni penye kinu cha kusaga, na kutoka hapo ni kupanda kwa miguu, njia nyembamba, huku ukuta wa udongo, huku korongo. Mgonjwa wa kijiji hicho hakuteremshwa kwa gari wala kwa pikipiki. Aliteremshwa kwa machela, mabegani mwa watu.

Na machela yao ilikuwa na desturi yake. Wazee wa zamani, walioujua vizuri moyo wa mwanadamu, waliigawa. Mipiko, ile miti miwili mirefu ya kubebea, ilikaa kwa mzee mmoja wa kitongoji cha juu. Wavu wa kamba, anamolala mgonjwa, ulikaa kwa mzee mmoja wa kitongoji cha chini. Wazee walisema, hawa watu hata wakikosana, mgonjwa atawapatanisha, maana mwenye mipiko hatabeba mtu bila wavu, na mwenye wavu hatabeba bila mipiko. Ilikuwa hekima kubwa. Ila walidhani hakuna ugomvi utakaokuwa mzito kuliko mgonjwa.

Sasa nchi yao ilikuwa imepeleka askari nchi ya mbali, kuwasaidia watu wa huko kuzima vita. Waliambiwa ni kazi fupi. Haikuwa fupi. Kila wiki redio ilileta habari mbaya kuliko za wiki iliyopita: kambi imechomwa, daraja limevunjwa, vijana wamezingirwa. Wanasiasa wakagawanyika. Hawa wakasema askari waongezwe, vita iishe. Wale wakasema waliobaki warudishwe. Maneno hayo yakapanda mlima mpaka kijijini, na kwa jinsi watu tulivyo, kitongoji cha juu wakashika la kuongeza, cha chini wakashika la kurudisha. Watu wakagombana kisimani, wakagombana shambani, hata matangani.

Siku moja walikuwa kwenye kinu, wanangoja zamu ya kusaga.

"Tukiwarudisha leo," akasema mwenye mipiko, "waliokufa watakuwa wamekufa bure."

"Na ukiwaongeza," akajibu mwenye wavu, "utakuwa umewapelekea wenzao wa kufa nao bure. Halafu mwenzangu, wewe mwanao yuko wapi? Si anauza saruji mjini?"

"Na wako?"

"Wangu ana kifua."

"Kifua gani hicho kinachocheza mpira kila Jumapili?"

Watu wakacheka mpaka unga ukawapanda puani. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni, amekaa juu ya gunia lake la mahindi. Katika kijiji kile kizima, juu na chini, nyumba moja tu ndiyo iliyotoa askari, na nyumba hiyo ilikuwa yake. Mume wake ndiye aliyekuwa huko.

Walipomwona wakatahayari kidogo. Kisha mwenye mipiko akasema, "Mkwe wetu, wewe ndiye mwenye neno. Hebu waambie hawa wa chini kwamba mumeo si mwoga."

"Mwambie yeye, mwanangu," mwenye wavu akadakia, "kwamba unataka mumeo arudi."

Yule mama akawaamkia wote, shikamooni baba zangu, akapokea unga wake, akajitwisha, akapanda mlima. Sasa niwaulize, ndugu zangu. Wanaume wale wote walitaka neno kutoka kinywani mwake. Ni nani aliyemtua ule mzigo kichwani?

Miezi ikapita, mume akarudi. Risasi ilikuwa imempata mguuni chini ya goti. Huko huko vitani wakamtibu, jeraha likaanza kufunga, wakampa likizo ya ugonjwa. Alipanda mlima kwa fimbo, akichechemea, lakini alipanda mwenyewe, kwa miguu yake miwili. Mke alimtandikia mkeka nje kwenye jua, akamweka mtoto kifuani pake. Mtoto, ambaye hakumjua, alimtazama sana kisha akamshika pua. Mama yule alisema baadaye kwamba siku hiyo alisahau kabisa kama kuna vita duniani.

Haikuchukua muda, mguu ukaanza kuvimba. Jeraha likafumuka, likatoa harufu. Homa ikampanda, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Mke akajua hapa si pa majani wala maji ya chumvi. Akamwachia mtoto bibi yake, akaenda mbio kitongoji cha juu.

Alimkuta mwenye mipiko uani kwake, anakunywa uji.

"Baba, nimekuja kuomba mipiko. Mume wangu ameshikwa vibaya."

"Pole sana, mkwe. Mipiko ile pale ukutani. Tena vijana wangu watambeba wenyewe." Akaweka bakuli chini. "Ila Jumamosi tuna mkutano na mheshimiwa anakuja. Tulitaka mumeo apite pale kwanza, aseme neno moja tu: kwamba wenzake huko wanahitaji msaada. Si ni kweli wanahitaji?"

"Baba, leo ni Alhamisi. Mguu unanuka."

"Jeraha la askari hilo, atavumilia. Au atie tu sahihi ya mdomo, aniahidi mimi. Maana nikitoa mipiko hivi hivi, wale wa chini watasema tumemficha asionekane."

Mama yule akageuka. Akateremka mpaka kwa mwenye wavu. Huko alipokewa vizuri zaidi, akapewa kigoda.

"Wavu ni wako, mwanangu, hata sasa hivi. Lakini nijibu, mipiko ametoa?"

"Anataka kwanza mume wangu aseme kwenye mkutano."

"Nilijua." Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi wavu wangu hautamteremsha mtu akasemeshwe uongo. Nitautoa siku wakikubali apite hapa kwetu kwanza, watu wauone ule mguu kwa macho yao. Waone vita ni nini."

"Baba, kama ni kuuona, njoo umwone nyumbani. Njoo na wavu."

"Mimi nikanyage njia ya juu, waniseme?"

Ndugu zangu, sitaki mdhani kijiji kile hakikuwa na wema. Ulikuwepo, na mama yule aliukumbuka wote, mmoja mmoja. Alipotoka kwa mwenye mipiko, mke wa mzee alimfuata nyuma ya migomba, akampa ndizi mbivu kwenye upande wa kanga, akamwambia, "Zifiche, mzee asione." Alipotoka kwa mwenye wavu, binti wa mzee alimkimbilia na kidonge cha homa alichokuwa amejiwekea mwenyewe. Kijana mmoja wa juu alimkatia kuni akaziacha mlangoni bila kubisha hodi. Wema ulikuwepo. Ila wote ulipita mlango wa nyuma, ukitazama huku na huku, kama mwizi. Na wema wa namna hiyo utakuletea ndizi, utakuletea kuni, lakini machela hauwezi kuiinua. Machela inataka watu waje mchana, kwa njia kuu, wakiwa pamoja.

Ijumaa ikapita hivyo. Wajumbe walipanda na kushuka kati ya vitongoji viwili, huyu amesema hivi, yule akubali vile. Jumamosi mheshimiwa hakutokea, gari lake liliharibika huko njiani, na kila upande ukasema upande wa pili ndio uliomzuia. Siku hiyo mguu ulikuwa umekuwa mweusi vidoleni.

Ndipo mama yule akafanya jambo ambalo kwa desturi yao halifanywi. Machela ni kazi ya wanaume. Mwanamke akibeba mgonjwa wa machela, walisema ni kukitakia kijiji mkosi. Yeye akaiteremsha ngazi ya kuezekea iliyokuwa imeegemea paa, akaifungia godoro kwa kanga zake, akamlaza mumewe. Kisha akasimama njiani akaita. Hakuita kwa maneno, alipiga tu ule ukelele wa msiba.

Akaja jirani yake. Akaja mke wa mwenye mipiko, na flana ya mzee wake ameivaa juu ya gauni. Akaja binti wa mwenye wavu. Wanawake wanne, na ngazi.

"Mama, wewe umri huo utaweza?" binti akamwuliza mke wa mzee.

"Nimembeba mzee wangu na kiburi chake ujana wangu wote," akasema mke wa mwenye mipiko. "Huyu ni mwepesi. Shika huko."

Walicheka kidogo, wakainua. Lakini ndugu zangu, mabega yale hayakuwa yamezoea. Njia ilikuwa na utelezi. Walitua kila penye kona. Mara mbili ngazi iliinamia korongoni, na mara moja mgonjwa alianguka kweli, wakamwokota kwenye tope huku analia kama mtoto. Njia ambayo wanaume wa mipiko na wavu huimaliza asubuhi, wao waliimaliza jua likizama. Lori la mbao ndilo lililowafikisha hospitali.

Daktari aliufunua mguu, akautazama, akaufunika.

"Jeraha hili lilikuwa la kupona," akasema. "Mngemleta juzi lingepona. Mlikuwa wapi?"

Mama yule alifungua kinywa ili ajibu. Angesema nini? Angesema tulikuwa tunajadili vita?

Mguu ulikatwa.

Habari zikarudi kijijini, na hapo, ndugu zangu, aibu ikafanya kazi yake. Siku ya kurudi askari, vitongoji vyote viwili vilikuwa bondeni kwenye kinu. Mipiko ilikuja, wavu ulikuja. Vikafungwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Ngoma ilikuwepo. Wakamweka askari kwenye machela, wakamwinua juu, na mama yule, mtoto mgongoni, akaanza kulia kwa shukrani, akidhani ugomvi umekwisha.

Kumbe hata kona ya kwanza hawakufika.

"Mtazameni," mwenye mipiko akapaza sauti akiwa mbele. "Huu mguu haupotei bure. Adui aliyeukata afuatwe, askari waongezwe."

"Mtazameni vizuri," akajibu mwenye wavu kutoka nyuma. "Hii ndiyo vita mnayoitaka. Warudishwe kabla miguu mingine haijaisha."

Wa mbele wakavuta kwenda mbele, wa nyuma wakasimama wajibu. Machela ikayumba.

"Nishusheni," askari akasema.

"Tulia, mwanangu, bado ni mbali."

"Nishusheni chini."

Wakamshusha. Akamwomba mkewe magongo. Akasimama katikati yao, jasho linamtiririka, akawaangalia wa juu, akawaangalia wa chini. Hakuonekana kuwa na hasira, na ndiyo maana walisikia kila neno.

"Baba zangu," akasema, "vita ilinirudisha na miguu miwili."

Akageuka, akaanza kupanda. Mkewe akawa nyuma yake, ameweka mkono mmoja mgongoni mwake asianguke. Hakuna aliyethubutu kuwafuata.

Ndugu zangu, nawaona mmeinamisha vichwa, na wengine mnamtafuta mwenye mipiko ni nani humu kanisani. Msimtafute. Sisi tuna askari wetu huko, mnajua. Na sisi tumegawanyika. Nimewasikia pale nje baada ya ibada, sauti zenu zinafika mpaka kwenye chumba cha sakristia. Sisemi msiwe na maoni. Swali la kuwaongeza au kuwarudisha ni swali zito, watu wazima lazima walijibu, na mimi mwenyewe nina jibu langu. Lakini niliuliza wiki hii: mama wa yule kijana wetu aliyeko huko anakaa nyumba ya ngapi kutoka dukani? Wazee wawili hawakujua. Wazee hao hao walijua jina la daraja lililovunjwa katika nchi ambayo hawataikanyaga maisha yao yote.

Tunaipenda vita ile kwa sababu iko mbali. Kuibishania hakuchafui nguo. Mguu unaonuka uko karibu, nao haungoji tumalize kubishana. Tena tunadhani Mungu atatuuliza upande wetu. Ninaogopa atauliza kama yule daktari.

Amina mnayotaka kuitika, imezeni kwanza. Tokeni kwa mlango wa mbele, mchana huu, watu wa maoni haya na watu wa maoni yale, mkiwa pamoja, mkapige hodi kwa yule mama. Mkifika msimwulize anataka waongezwe au warudi. Mwulizeni kama amekula.