Aliyeitikia Salamu za Marehemu

"Elfu hamsini? Kwa kusimama kivulini? Hicho kivuli mmekipanda ninyi?"

"Elfu hamsini, bosi. Ukilipa nafungua mnyororo, unakwenda zako."

"Fungua kwanza! Huoni stika? Hujui kusoma?"

"Nimeisoma. Ndiyo maana nimelifunga."

Ni saa saba mchana, wapendwa, jua la utosi, ndani ya chuo kikuu kimoja. Anayefoka ni dalali wa viwanja. Anayejibu taratibu ni mlinzi. Katikati yao kuna gari jeusi lenye vioo vya giza, gurudumu la mbele limefungwa mnyororo, na juu yake, kwenye nguzo ya banda, kibao: MAEGESHO YA WAHADHIRI. MGENI FAINI SH. 50,000.

Nisikilizeni sasa. Na wewe kaka wa benchi la nyuma, weka simu mfukoni. Nitakungoja.

Haya.

Dalali yule hakuwa mhadhiri. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la chuo, na mbele ya ofisi hapakuwa na mti wala nafasi ya kuegesha. Ila alikuwa amenunua gari kwa mjane. Mume wa mjane huyo alikuwa mhadhiri. Alikwenda kwao likizo, akaugua siku tatu, akafa, akazikwa huko huko. Mjane akauza gari haraka haraka, akabaki kwao. Kwenye kioo cha mbele ikabaki stika ya chuo, yenye jina la mwenyewe na namba ya nafasi yake: kumi na nne. Dalali aliiona. Alikuwa hata na kisu mkononi cha kuibandulia. Akakirudisha kisu mfukoni.

Ni kosa kubwa hilo? Semeni. Hakuvunja mlango wa mtu, hakumkaba mtu. Aliacha tu karatasi pale alipoikuta.

Asubuhi ya kwanza mlinzi wa getini akaiona stika, akapiga saluti. "Shikamoo Daktari!" Dalali akashusha kioo kidogo sana, upana wa kidole, akaitikia: "Marahaba." Mlinzi akaandika kwenye daftari: Daktari, ameingia, saa moja na robo. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Miezi saba.

Yapo mambo aliyaona akayapuuza. Magari ya jirani, la namba kumi na tatu na la kumi na tano, yalihama moja baada ya jingine, na wenyewe wakawa wanaegesha juani. Mama mfagiaji alifagia banda lote, lakini akifika kumi na nne alizunguka. Siku moja dalali alikuta alama za viganja kwenye vumbi la kioo, viganja vingi, kama vya watu waliokuwa wakichungulia ndani. Akazifuta kwa kitambaa. Kisha zikaanza karatasi. Chini ya wipa, kurasa thelathini zimebanwa pamoja, na juu yake mtu ameandika kwa mkono: "Daktari, naomba upitie." Wiki iliyofuata zikaja kazi mbili kama hiyo. Akawa anazichukua anampa mama anayeuza maandazi jirani na ofisi yake, afungie maandazi.

Asichokijua ni hiki. Pale chuoni mtu hafi kwa kufa. Anakufa cheti chake cha kifo kikifika ofisini kikagongwa muhuri, na mjane hakuleta cheti. Fununu za msiba zilifika, ndiyo. Wenzake walisikia kwamba ameshazikwa, halafu kila asubuhi wanaliona gari lake linaingia, kioo cheusi, hakuna anayeuona uso. Wewe ungeegesha pembeni yake? Nao wanafunzi sita aliokuwa akiwasimamia kuandika tasnifu zao walikwenda idarani kuuliza. Karani akafungua daftari la getini akawaambia: "Nani kafa? Leo ameingia saa moja na robo. Gari lake lile pale, mwekeeni kazi zenu hapo." Wakaomba wapewe msimamizi mwingine. "Mwingine wa nini, na Daktari yupo?"

Kwa hiyo marahaba moja ya asubuhi, nyepesi, isiyomgharimu mtu kitu, ilikuwa inamzuia marehemu asife.

Turudi kwenye mnyororo. Mlinzi huyu si yule wa saluti; alikuwa mgeni kwenye lile geti, amehamishwa kutoka mabwenini wiki hiyo. Alimwacha dalali afoke mpaka akachoka, kisha akasema, "Tufanye hivi. Mwenye stika hadaiwi. Niambie tu, wewe ndiye Daktari?"

Dalali akautazama mnyororo. Akatazama saa, mteja anamngoja kiwanjani. Akasema, "Ndiye mimi."

"Andika hapa, utie saini."

Akaandika jina lililo kwenye stika. Akatia saini. Mlinzi akaligeuza daftari, akalisoma jina lile. Kisha akavua kofia.

"Daktari, nashukuru umerudi. Mimi na wewe ni kijiji kimoja. Nilikuwepo tulipokuzika. Jeneza nililishika upande wa miguuni. Ulikuwa mzito."

Dalali akacheka. Akakuta anacheka peke yake. "Unanitania wewe."

"Mimi si mtani wako, Daktari. Mnyororo nitaufungua. Ila kwanza kuna watu wako, wanakungoja tangu mwezi wa tatu."

Akapiga filimbi mara moja, kwa upole.

Kutoka kwenye baraza la jengo la idara wakatoka watu sita. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Walikuja wakalizunguka gari. Dalali alikuwa ameshaingia ndani na kufunga milango, na jua la saa saba lilikuwa kali, lakini ndani ya gari kukawa giza, maana kila kioo kilikuwa na uso umeinamia na viganja viwili.

Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi. Akagonga kioo kwa ukucha. "Shikamoo Daktari."

Miezi saba ameitikia. Siku hiyo aliikana marahaba yake. Akashusha kioo upana wa kidole, kama alivyozoea. "Mama, mimi siye. Mimi nimenunua gari tu."

"Mbona uliitikia?"

"Mazoea, mama. Mtu akikusalimia utafanyaje?"

"Orodha ya wahitimu inafungwa leo saa kumi. Bila saini ya msimamizi nabaki nje. Ruhusa yangu ya masomo inaisha mwezi huu, nikirudi kazini bila shahada, nafasi yangu anapewa mwingine. Sura yangu ya tatu iko wapi?"

Yule mama akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyolowa mafuta, akaibandika kwenye kioo. Ilikaa yenyewe bila kushikwa. "Hii jana nimefungiwa maandazi. Huu mwandiko wa pembeni ni wangu. Nilikula nusu kabla sijaujua."

Dalali akatoa pochi. "Nalipa faini! Elfu hamsini. Chukueni hata laki!"

Mlinzi akatikisa kichwa. "Faini ni ya mgeni. Wewe umeandika kwamba si mgeni."

"Basi nipeni kalamu, nitawasainia wote!"

Yule mama akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeona nyoka. "Saini ya nani?"

Ya nani, wapendwa? Aliyekuwa na haki ya kusaini yuko kaburini. Aliyekuwa na mkono wa kusaini hana haki. Wakabaki wamelizunguka gari, saa kumi ikafika ikapita, orodha ikafungwa, na wale sita hawakuwemo. Wakaondoka kimya kimya kama walivyokuja. Mnyororo ukafunguliwa. Geti likafunguliwa. Dalali akawasha gari, akafika getini, mlinzi akashika kalamu na kumuuliza swali analoulizwa kila atokaye: "Nani anatoka?"

Akafungua kinywa. Akisema Daktari, ametoka marehemu. Akisema jina lake mwenyewe, mlinzi anapekua kurasa za miezi saba na hakuna siku hata moja mtu wa jina hilo aliyewahi kuingia. Gari linanguruma, kalamu inangoja, na yeye hana jina la kutokea.

Mnaguna? Msigune. Mimi sisemi habari za dalali.

Sisi tunakaa kwenye vivuli vya majina. Unaitwa Baba, unaitikia, mtoto yuko darasa la sita na hujui anaketi dawati moja na nani. Unaitwa Mama Mlezi wa kwaya, binti ameacha kuja mwezi mzima, na hujauliza anakaa kwa nani. Mimi naitwa Mwinjilisti. Mnanipisha kiti cha mbele, mnanikaribisha chai kabla ya watoto wenu, nami naitikia bwana asifiwe huku na huku kama niliyeajiriwa kuitikia. Na wapo watu wameambiwa, "Ngojeni, mwenye kazi hiyo yupo." Kwa sababu tunaitikia, Mungu akimtuma mwingine tunamwambia nafasi imejaa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Si kwamba hatufanyi. Ni kwamba tunamzuia atakayefanya.

Kwa hiyo leo sitaki amina. Amina zenu nimezisikia miaka kumi na moja.

Mtaa huu una wagonjwa wanne wasioweza kutoka ndani. Wazee wa kanisa tuko saba, pamoja nami. Tangu Pasaka hakuna aliyegonga mlango wao hata mmoja, nimekwenda jana kuuliza, wameniambia wenyewe. Wanatudai. Ifikapo Jumatano jioni, nataka wote wanne wawe wameonwa, na mzee asiyeweza kwenda aseme leo, nafasi yake apewe mwingine.