Digidigi na Pilipili za Uani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kufagia nyua zao kila asubuhi, Digidigi aliishi na mama yake mzazi katika kijumba cha udongo. Mama huyo alikuwa amepooza miguu. Digidigi ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza alipochoka kulalia upande mmoja.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua wenye kivuli cha mkwaju, na humo Digidigi alipanda pilipili kichaa. Alisia mbegu katika chungu kilichopasuka, na miche ilipopata nguvu akaihamishia ardhini. Aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo, akainyunyizia majivu ili wadudu wasiile. Ikatoa vimaua vyeupe, kisha pilipili ndogondogo zilizoelekea juu, kijani kwanza, halafu nyekundu.

"Jirani, hicho nacho ni chakula?" Ngiri alimwuliza kutoka ng'ambo ya ua. "Hakishibishi."

"Hakishibishi," Digidigi alikubali, "lakini mama bila hicho hali kitu." Akaendelea kupalilia.

Mgomvi wake mkubwa alikuwa Shore, yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi. Kila pilipili ilipoiva, Shore alikuwa amekwisha fika. Digidigi akija na ufagio, pruu, karuka. Akigeuka, karudi.

Siku moja Digidigi alikuwa akichuma, akajisahau, akafikicha jicho kwa mkono uleule. Lo, alilia mpaka jua likageuka. Akiwa ameketi kizingitini, jicho limevimba, alimwona Shore akimeza pilipili nzima, kisha nyingine, halafu akaanza kuimba.

"We Shore, huwashwi?"

"Kuwashwa ndiko kukoje?" Shore aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Digidigi alimtazama kwa muda mrefu kwa lile jicho zima. Tangu siku hiyo ufagio wake ulifagia ua tu.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Nyati akapanda kutoka mabondeni, amekonda lakini bado na nguvu zake, akawa anatafuta kivuli. Alifika kwa Pundamilia, akaegemea ukuta, puu, nyumba ikaanguka. Pundamilia akaenda kulala kichakani na watoto wake. Kesho yake Nyati akasimama uani kwa Digidigi.

"Shikamoo, mzee," Digidigi alisema.

"Marahaba. Kivuli hiki kimenipendeza. Kesho jioni nisikukute."

"Mzee wangu, mama yangu hatembei."

"Mbebe."

Digidigi aliitazama miguu yake, myembamba kama mabua. Nyati akaondoka, na siku hiyo Digidigi hakutia kitu mdomoni.

"Niache mimi, mwanangu," mama yake alimwambia. "Wewe nenda."

"Usinifundishe ubaya uzeeni, mama."

Asubuhi alichukua ungo akaenda kuchuma pilipili zote zilizoiva, angalau asimwachie Nyati. Alichuma kwa utaratibu, kila moja na kikonyo chake ili isioze upesi. Shore akatua kando yake, akadonoa moja, akameza, akatikisa mkia. Mkono wa Digidigi ukasimama hewani. Kisha akaweka ungo chini, akaenda kubisha hodi kwa majirani.

Jioni Nyati alipofika, aliwakuta Ngiri, Pundamilia na wengine wameketi uani.

"Hawa wamefuata nini?"

"Kushuhudia, mzee," Digidigi alisema. "Anayetaka kuuchukua ua huu, na ale kwanza matunda yake mbele ya majirani bila kutoa chozi. Ukiweza, nitahama, hata kwa kumburuta mama. Ukishindwa, utarudi ulikotoka na nyua zetu zote utuachie."

Nyati akauchungulia ungo. "Vitu hivi? Havijazi hata jino."

"Hata Shore anavila, mzee. Mwangalie."

Shore alimeza pilipili yake, akaimba wimbo wake wote, akajisafisha mdomo kwenye tawi.

Nyati akacheka. "Naapa kwa pembe zangu, mbele yenu nyote. Nikitoa chozi, hamtaniona tena hapa." Akaingiza mdomo unguni, akajaza mashavu, akatafuna kwa pupa.

Akaacha kutafuna. Masikio yakamsimama. Pua ikaanza kuchuruzika, naye akainua kichwa mbinguni, akakiacha hukohuko ili macho yasimsaliti. Kisha chozi likamtoka Nyati, moja, likashuka shavuni taratibu, na baada ya hilo hayakuhesabika tena.

"Umenidanganya," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Nilikwambia Shore anakula, mzee. Wewe hukujiuliza kama u ndege."

"Maji. Nipeni maji."

Majirani walianza kucheka. Digidigi hakucheka. Aliujua moto ule, na aliona jinsi mbavu za Nyati zilivyotokeza. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando aliyomwekea mama yake.

"Maji yatazidisha. Kunywa haya, na usijifikiche macho."

Nyati akanywa mpaka tone la mwisho. Kiapo alikuwa amekiapa mbele ya watu, na kwa pembe zake. Akageuka, akashika njia ya mabondeni pole pole, kichwa chini.

Pundamilia alikwenda kusimamisha ukuta wake, na Ngiri, aliyesema pilipili si chakula, akaomba mbegu.

Ndani, mama aliuliza, "Na maziwa yangu umempa yule?"

"Alikuwa analia, mama."

Mama akaupapasa mkono wa binti yake.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni hili: mdogo anayekijua alichokipanda hashindwi upesi na mkubwa asiyejua anachokitafuna.